Komeo la Lango la Nyuma

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo, na zinazobaki uwagawie shemeji na wanao. Hali yako vipi? Nimesikia kwa Shangazi kwamba usingizi bado unakupiga chenga na umekonda mpaka nguo zinakupwaya. Pole sana. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na mgongo umetulia tangu seremala anitengenezee meza mpya ya kuandikia. Nimeiweka dirishani, pale pale alipokuwa akikaa Mama.

Kitabu changu kipya kinakaribia kukamilika. Ni cha Mama, bustani yake, na kijito cha nyuma ya nyumba. Mhariri anasema hajapata kuona mwandishi anayezijua familia na mimea kama mimi. Nilicheka. Wewe unajua kwamba sijui kubuni hata uongo wa mtoto aliyevunja kikombe. Ninachokiona ndicho ninachokiandika, ndiyo maana mkaniita Macho. Mimba yako ilipoharibika niliandika hadithi ya kuku anayetamia mayai viza, ukaninunia mwaka mzima. Lakini wasomaji walilia, Dada, na inasomwa hadi leo.

Haya, tuje kwenye lililonifanya nishike kalamu. Unakumbuka asubuhi ile ulipokuja kumwogesha Mama, kisha ukaondoka mbio kuwahi zamu yako kiwandani. Msibani Shangazi alisema mbele za watu kwamba wa mwisho kupita lango la nyuma ulikuwa wewe, na komeo lilikutwa wazi. Hukujitetea. Ulisema labda ulisahau. Shemeji ananiambia kwamba sasa unarudi mara tatu kukagua mlango wako, na mjukuu wako humbebi tena, unaogopa utamwangusha.

Hukusahau, Dada. Ulifunga, ukalitikisa komeo kuhakikisha. Nilikuona nikiwa dirishani. Mimi ndiye niliyelifungua.

Usinielewe vibaya, sikumtakia Mama mabaya. Sura ya kijito ilikuwa imenikwama wiki tatu. Yeye kutwa alikuwa akiomba aende kuwatazama ndege wake majini, nanyi mkimkatalia kwa sababu kumbukumbu zilimtoka na miguu ilimlegea. Nikasema moyoni, acha nione atafanyaje akifika. Nikamfuata hatua ishirini nyuma na daftari langu. Alitembea kama msichana, ungefurahi. Kijito kilikuwa kimejaa kwa mvua, tope likamtelezesha, akaingia hadi kifuani. Aligeuka akaniona, akadhani ni wewe. Akaita jina lako, akasema, "Nishike mkono, mwanangu, maji ni baridi."

Sentensi kama ile haiji mara mbili. Niliiandika kwanza. Nilipoinua macho, maji yalikuwa yamemchukua.

Shangazi alipokunyooshea kidole ningeweza kufungua mdomo. Nilinyamaza kwa kuwa nilitaka kuona utaubebaje mzigo ule. Uliubeba vizuri mno, umejaza kurasa tisini. Miezi ile ya mwanzo nilikuwa nikija kukupa pole kila Jumapili, nawe ukinishukuru kwa machozi, nikirudi nyumbani naandika mpaka mkono unakufa ganzi.

Nakuambia leo kwa sababu kitabu kinapigwa chapa mwezi ujao na yote yamo. Jalada litasema ni hadithi ya kubuni, kwa hiyo wageni hawatajua kitu. Wewe utajua, ndiyo nikaona adabu niitangulize barua.

Ila bado kuna pengo mwishoni. Sijui mtu husema nini akishaambiwa jambo kama hili. Nimejaribu kubuni, nimeshindwa. Kwa hiyo tafadhali usinipigie simu, maneno ya simu hupotea. Niandikie, leo hii, kabla hasira haijapoa, na usifute chochote hata ukikosea. Humu ndani nimekuwekea bahasha yenye stempu na anwani yangu, usipate taabu.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mjukuu sasa mbebe tu bila hofu, mikono yako haina kosa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Macho