Kebo Juu ya Mlango

Jumamosi, Temeke. Mvua ya masika iliyoanza alfajiri imerudi tena jioni hii, bati linapiga kelele hata mtu hajisikii, na mie nina furaha mpaka naona haya. Mjane aliye edani hatakiwi kuonekana meno nje. Basi acha nichekee humu kwenye karatasi, humu hakuna wa kunisema.

Nimeshinda leo.

Ngoja niende taratibu. Tangu mume wangu Salumu atangulie mbele za haki, Mungu amrehemu, nipo chumba cha ndani na nguo zangu nyeupe, sionani na wanaume wasio maharimu wangu. Miezi minne na siku kumi, kama dini inavyotaka. Sina ugomvi na eda. Nilimpenda Salumu, nataka kumkalia eda yake vizuri. Tatizo ni kwamba kazi yetu ya kuchapa iko chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, na wateja wengi ni wanaume. Kompyuta ya mbele ndiyo yenye printa. Ile ya pili, niliyoinunua kwa kiinua mgongo waliponipunguza kazi kule shirikani, tuliihamishia huku ndani ili nami nisikae bure. Shekhe aliulizwa, akasema kazi ya mikono ndani ya nyumba haina ubaya. Na wanangu wawili lazima wale.

Anayekaa mbele ni wifi yangu Zuhura, mdogo wake marehemu. Ana roho nzuri Zuhura, ila kuchapa, jamani! Vidole viwili, na kila herufi anaitafuta kama kaangusha sindano. Kwa hiyo mie nachapa huku, naweka kwenye flopi, yeye anakuja kuichukua na kwenda kuiprinti. Mteja akitaka kurekebisha neno moja, flopi inarudi kwangu. Kutwa kucha anapita kwenye pazia la mlango, mpaka limetoka kwenye waya mara chungu nzima. Flopi zenyewe nazo hazina adabu, asubuhi inasoma, mchana imegoma. Wiki iliyopita kitabu cha hitima cha watu kilipotea chote, na wenyewe wamesimama barazani wanakisubiri. Nililia kwa aibu.

Siku hiyo Shemeji Bakari alikuwepo.

Shemeji ni kaka mkubwa wa marehemu, ana duka lake la steshenari Ubungo. Aliongea nami kupitia pazia kwa upole kabisa, upole ule unaoudhi. Akasema kazi haiendeshwi kutoka nyuma ya pazia, kwa hiyo Jumamosi angekuja na pikapu achukue kompyuta ya mbele na printa, akavitumie dukani kwake mpaka nitakapotoka eda. Ninavyomjua, kitu kikishaingia kwa Shemeji hakitoki. Wateja nao wangekuwa wake. Mie ningetoka eda nikute chumba cha mbele kina meza tu.

Sikulala vizuri usiku ule. Ndipo nikakumbuka ofisini kwetu shirikani, kabla hawajatutawanya. Kompyuta zilikuwa zimeungwa kwa kebo, faili lililoko kwa mhasibu unalifungua ukiwa kwa katibu muhtasi, hakuna mtu anayebeba kitu. Nikajiuliza, kwani nyumba yangu ina nini? Ukuta ni mmoja tu.

Zuhura akatafuta fundi, akaja jana. Mie nikajifungia jikoni, majirani wanawake wakaibeba kompyuta yangu kuipeleka mbele, fundi akazichomekea zote mbili kadi za mtandao. Akatengeneza folda ya kushea kwenye ile ya mbele, akatoboa tundu juu ya mlango, akapitisha kebo. Yangu ikarudishwa chumbani. Adhana ya magharibi ikamkuta anafungasha vifaa vyake. Akaniagiza kwa sauti, yeye yuko upande ule na mie upande huu, kwamba tukiziwasha kila moja itadai jina. Tuipe jina lolote tunalolipenda, kisha tushee mafaili mpaka tuchoke.

Leo asubuhi tukaziwasha, kila mtu akaipa yake jina. Wapi! Mie naitafuta ya Zuhura, siioni. Yeye anaitafuta yangu, haipo. Kioo kiliniletea kijisanduku cha Kiingereza, nikabonyeza OK kama ninavyobonyezaga siku zote. Zuhura naye kumbe hivyo hivyo. Tukazima, tukawasha, tukazisomea na dua. Fundi ameshavuka Kigamboni kwenye kazi nyingine, wa kumfuata mvua hii nani? Kabla ya adhuhuri nikasikia pikapu inasimama nje.

Mvua ndiyo iliyonitetea. Kompyuta haibebwi kwenye pikapu ya wazi na maji yale, kwa hiyo Shemeji akakaa chumba cha mbele kusubiri ikatike. Nilimsikia anamwagiza Zuhura aanze kuchomoa nyaya. Zuhura akajibu anatafuta kwanza nailoni za kufunikia. Alizitafuta nailoni hizo, wifi yangu, mpaka nikamwombea pepo.

Mara akaingia Bi Rukia kutoka Kunduchi. Huyu ni mteja wetu wa siku nyingi, anamwoza mwanawe wa kiume. Kadi zake za harusi zilikuwa tayari kwangu tangu juzi ila haziprintiki, maana alitaka picha ya ua kubwa pembeni, na faili likawa zito haliingii kwenye flopi. Sasa amekuja na jipya. Uwanja wa nyumba yao umejaa maji, karamu ya walima imehamishiwa ukumbini, kadi zibadilishwe, na anazitaka leo kwa sababu akina mama wa kuzisambaza wanatoka kesho asubuhi.

Shemeji akamjibu yeye, kama ndiye mwenye nyumba. "Mama, hapa kazi imeshindikana. Njoo Jumatatu dukani kwangu Ubungo."

Damu ilinichemka. Imeshindikana kwa nani? Nikaiwasha upya kompyuta, kijisanduku kikaja tena, na safari hii sikubonyeza kitu. Nikakisoma neno kwa neno. Kinasema jina hili tayari linatumiwa na kompyuta nyingine kwenye mtandao.

Nikapaza sauti. "Wifi, kompyuta yako uliipa jina gani?"

"Bismillah. Kwani kitu kipya unakianza na nini?"

Na yangu ilikuwa Bismillah.

Hatukuulizana. Kila mtu kwa upande wake wa ukuta aliulizwa jina, akaanza kama tulivyofunzwa chuoni tangu tukiwa watoto. Fundi alisema lolote, masikini, hakujua anawaachia watu gani. Nilicheka mpaka nikajiziba mdomo kwa kanga. Sikuwa nimecheka tangu Salumu aondoke, na nilidhani nimeshasahau kunavyokuwa.

Nikaibadili yangu, nikaiita Chumbani, nikazima na kuwasha. Hiyooo, kompyuta ya mbele ikatokea kwenye kioo changu! Nikabadilisha mahali pa walima, nikalihifadhi faili lenye ua lake kubwa moja kwa moja kwenye folda ya mbele, nikamwambia Zuhura afungue. Kisha printa ikaanza kukwaruza.

Shemeji akauliza flopi ameileta nani, mbona hajaona mtu akipita. Zuhura akamwambia, "Hakuna flopi, kaka. Faili limepita juu ya mlango."

Bi Rukia akaisoma kadi ya kwanza, akapiga kigelegele, akaketi. Akasema haondoki mpaka itoke ya mwisho. Kila alipokumbuka neno la kuongeza alinitajia kutoka kwenye kiti, nami nikaliongeza bila kuinuka. Mvua ikakatika, printa bado inakwaruza, na mtu wa kuichomoa waya mbele ya mama mwenye harusi hakuwepo.

Mwishowe nikaona kivuli kwenye pazia.

"Shemeji," akaniita.

"Abee."

Akakohoa. Akasema ana mitihani ya shule ya kuchapa, mchapaji wake mzito, kama naweza kumsaidia.

"Mpe Zuhura," nikamwambia. "Yuko hapo mbele. Zamu yako ikifika tutakuchapia."

Pikapu iliondoka tupu. Niliisikiliza mpaka ilipokata kona, kisha nikalia. Nilimlilia Salumu, maana angekuwepo angekimbia nje na ndani kuitazama kadi ikitoka, na jioni angewasimulia barazani mpaka wamchoke. Ni kilio kizuri, kimenipa usingizi hata kabla ya isha.

Kesho tunaanza na mitihani ya Shemeji, na nitaichapa vizuri kuliko zote. Eda yangu bado ndefu na nitaikaa yote. Siku nitakayotoka humu, nitaikuta kazi yangu pale pale nilipoiacha.