Kiwanja cha Kona kwa Baba Mdogo

Nyumbani, upande wa shamba,
Jumapili, baada ya ibada.

Binti yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta u mzima, wewe, mkwe wangu na wajukuu. Je, kile kikohozi cha kitindamimba wako kimepoa? Mimi sijambo, ila magoti, ambayo siku hizi hutabiri mvua kabla ya redio. Niwie radhi kwa mwandiko. Mkono umezeeka, na miwani ni ile ile.

Habari kubwa huku ni ramani ya matumizi ya ardhi. Mji umetufikia, na ofisi ya mipango miji imepitisha mstari wake juu ya ua unaotenganisha shamba langu na la baba yako mdogo. Upande wake umekuwa eneo la makazi. Upande wangu ni eneo la kilimo, na hapana ruhusa ya nyumba nyingine ila hii ninayolala.

Utakumbuka kwamba babu yako alinigawia mimi, mzaliwa wa kwanza, udongo mweusi wa bondeni, na mdogo wangu akapewa mawe ya mwinukoni. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyenung'unika. Leo mawe yake yamekatwa viwanja, yana taa za barabarani, na mafundi humwita "Meya". Naye huitika. Wahenga walinena kwamba wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nami, mwanangu, mkanda wa suruali nimeutoboa tundu jipya.

Nilikwenda kwenye mkutano wa kusikiliza pingamizi, nimevaa koti langu la harusi, nikaomba kwa adabu zote mstari ule usogezwe hadi ng'ambo ya shamba langu. Afisa mipango, mwanamke wa rika lako, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee wangu, mji nao unakula. Tukijenga hadi bondeni, maharage tutapanda juu ya bati?" Ukumbi ukacheka. Akaeleza kwa upole kwamba bonde ndilo linalokunywa maji ya mvua ya mtaa mzima. Likifunikwa kwa saruji, maji yatalala vitandani mwa watu. Nikarudi kuketi.

Baba yako mdogo akaninong'oneza, "Kaka, usinune. Wewe umepewa mvua, mimi nimepewa vumbi."

Sikucheka, ingawa, Mungu anisamehe, ilichekesha.

Yote hayo ningeyameza. Lakini juzi nilimkuta akipima kwa kamba karibu na ua, nikamuuliza kiwanja kile cha kona ni cha nani. Akajibu bila kuinua kichwa, "Cha binti yetu. Ameniandikia, anataka kurudi."

Neno hilo "yetu" nilirudi nalo nyumbani kama mwiba kisiginoni. Kurudi kwako nimekuomba kwa Mungu tangu mama yako alipotutoka. Kilichonichoma ni kwamba habari hiyo imeingia mlangoni kwake kabla ya kubisha kwangu. Naelewa ulinificha kwa kunihurumia, ukijua kwangu hairuhusiwi kujenga. Hata hivyo nilianza kukuandikia barua ya kukukataza, yenye maneno mazuri tuliyofundishwa na wamisionari, kisha nikaichana. Ilinuka wivu kuliko hekima.

Basi jenga. Kiwanja hicho ni kikavu, na kutoka hapo hadi kwenye matuta ya maharage ya marehemu mama yako mtu humwita mwenzake bila kupaza sauti. Jana nimekata ua mahali hapo, nikatia kijilango. Kinafungukia shambani.

Nina ombi moja tu, nawe uuvumilie uzee wangu. Baba yako mdogo amekuchorea jiko linalotazama nyumba yake. Tafadhali ligeuze. Dirisha la jiko litazame kwangu.

Baba yako mdogo na mkewe wanakusalimu. Niliahidi kuzifikisha salamu zao, nami nimezifikisha, ingawa najua mmekwisha kusalimiana. Mpe mkwe wangu heshima zangu, na wajukuu uwaambie kwamba babu yao ana shamba, siyo viwanja.

Mungu akulinde njiani, akufikishe salama hadi kwenye kijilango.

Wako akupendaye, aliyekupenda kabla ya Meya,

Baba yako