Hodi Kutoka Zahanati

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaniita asubuhi. Anataka ripoti Alhamisi: mtandao wa chuo uwe wa mtindo gani? Kila jengo liwe na ruta yake, kile kisanduku cha kuelekeza mawasiliano, ijichagulie njia, kama alivyoufunga marehemu Mzee Koleo — au kila kitu kipite kwenye mashine moja kuu, hapa chini kwetu? Yeye anataka moja. Anasema mashine moja, fundi mmoja, kichwa kimoja cha kuuma. Nikacheka naye. Moyoni nimeganda.

Maana nusu ya kazi nilishaifanya mwaka jana, kimyakimya. Majengo sita nimeyahamishia kwenye mashine kuu. Zahanati ilikuwa ya kwanza. Niliona mpangilio wa mzee ni fujo tupu. Mjuaji mimi!

Jumanne, 4 Machi

Ruta ya zamani ya zahanati haijazimwa. Niliinyang'anya kazi tu. Bado imo kabatini, inawaka, na kila sekunde kumi inapiga hodi kwa ruta za jirani: nipo, mpo? Hakuna inayoitikia — niliziamuru zisiitikie. Miezi yote hii! Nimekaa nazitazama hodi zikipita kwenye kioo cha kompyuta mpaka chai imepoa.

Nikaenda kuichomoa. Nesi kanifungulia kabati, kauliza kama simu itasumbua tena. Kule bondeni simu ya mkononi haishiki kabisa. Ana ile ya mezani tu, nayo inapita kwenye mtandao wetu. Nikamwambia haitasumbua. Nikashika waya. Mkono ukagoma kuvuta. Nimeiacha ikiwaka.

Jumatano, 5 Machi

Basi niandike. Humu hasomi mtu.

Mzee Koleo alikuwa na sheria moja. Kabla ya kugusa mashine kuu mchana, hata kama ruta zina njia nyingine, unampigia nesi: una mgonjwa? Akisema ninaye, unakaa chini, unasubiri. Hata bosi afoke. Miaka minne kanifundisha hivyo.

Siku ile, Oktoba, alikuwa keshastaafu. Kapita kutusalimia. Kasema kifua kinambana. Nikamtania: ulizoea kubeba ngazi, babu, kukaa bure ndiko kunakuuma — nenda kwa nesi akupime. Mimi mwenyewe nimemtuma! Akaenda, anacheka.

Nusu saa baadaye nikaizima mashine kuu ili niiwashe upya. Saa ya chakula, nani yuko mtandaoni? Dakika mbili tu. Ikagoma kuwaka. Dakika kumi na moja. Nesi anabonyeza simu, simu imekufa. Ikabidi amwache, akimbie hadi getini kutafuta mawimbi aite gari la wagonjwa. Aliporudi mzee alikuwa kishakata roho.

Sikumpigia nesi. Sikumpigia! Na walipouliza, nikasema ni kampuni ya simu.

Ruta ya mzee pale zahanati ingekuwa kazini, simu ingepitia njia ya maktaba, jengo la jirani. Nesi asingejua hata kama nimezima.

Leo mjane wake kaja. Kaniletea koleo la mzee la kukatia waya, kalifunga kwenye kitambaa. Kasema nilikuwa binti yake wa kazini. Akanishukuru kwa kumpeleka kwa nesi, angalau hakufa peke yake barabarani. Alikufa peke yake, mama. Nikasema asante. Najichukia, jamani!

Ripoti nimeimaliza: kila jengo lijitegemee. Ukurasa wa nne una zile dakika kumi na moja za Oktoba. Bila ukurasa huo watasema ni mapenzi ya fundi tu, na bosi atapata mashine yake. Nao ukiwemo, kazi sina. Nimeuweka. Nimeutoa. Nimeuweka. Nimeutoa.

Alhamisi, 6 Machi

Ripoti imekwenda bila ukurasa wa nne. Umo mfukoni, pamoja na koleo.

Bosi kaniuliza mbele ya kikao kizima: mashine kuu imewahi kuzimika mchana? Nikasema si sana. Si sana! Bosi akachangamka. Basi nishuke sasa hivi niizime niiwashe, wajumbe waone inavyorudi upesi. Dakika mbili tu, kasema.

Niko chumba cha mashine. Saa sita na nusu. Nimewaambia naandika kumbukumbu kwanza, kumbe naandika humu.

Nimepiga simu zahanati. Mara ya kwanza tangu mzee astaafu. Una mgonjwa? Nesi kasema anaye, mjamzito, presha iko juu, anataka kuita gari. Akasema swali hilo alikuwa akiulizwa na Mzee Koleo tu, tena akitaka kuzima.

Nikasikia anavuta kiti.

Kisha, polepole: mdogo wangu, siku ile ulizima?

Simu iko begani. Viatu vya bosi vinashuka ngazi. Nesi hajakata. Anasema ananisikia ninavyopumua.