Nilisema Hayupo

Ngara, Alhamisi jioni. Mvua tangu asubuhi, na moyo wangu haujatulia.

Nianze na ukweli: tangazo la kukataza sigara ofisini kwetu ni langu. Nina pumu. Sheria ya kutovuta ndani ya majengo ya kazi ilikuwepo, ila mkuu wangu alivuta mezani kama yuko sebuleni kwake, mpaka siku nilipobanwa kifua mbele ya wageni. Siku hiyohiyo nikaliandika, kwa Kiswahili na Kirundi, nikalibandika mlangoni. Nilijiona shujaa.

Leo limemkuta Bibi Anastazia.

Ni mkimbizi. Ameletwa na lori kutoka kambini aje aeleze kwa nini asirudishwe Burundi, na mimi ndiye mkalimani. Alikuwa wa tano kwenye foleni, ameshika kiko chake, anatazama tangazo langu mlangoni. Nilimwelewa. Bibi yangu mzaa mama, kule Murukulazo, hagusi jambo zito kabla hajavuta.

"Mwanangu, nikitoka nje mtaniita?" akaniuliza.

"Nitakuita, bibi."

Akaenda kusimama upenuni, nyuma ya jengo. Wa nne akamaliza upesi kuliko tulivyodhani. Mkuu akasoma jina la bibi mara ya kwanza, mara ya pili. Mimi nilikuwa nauona moshi wa kiko cha bibi dirishani. Nikafikiria ile khanga yake iliyojaa harufu ya tumbaku, na kwamba ningekaa nayo chumbani saa nzima, nikainamia karatasi zangu.

"Hayupo," nikasema.

Jina likakatwa.

Aliporudi hakugomba. Aliuliza tu kama zamu yake bado, nami, kwa mdomo huuhuu, nikamtafsiria jibu la mkuu: asiyeitika amejitoa mwenyewe. Mahojiano yanaisha kesho.

Sheria siilaumu. Kifua changu bado nakihitaji. Lakini haikunituma kusema uongo, na naona aibu hata kuandika hapa.

Kesho asubuhi nitapanda lori linalokwenda kambini, nirudi naye. Nitamwambia mkuu kwamba nilijua bibi alipokuwa. Halafu nitatoa benchi nje, ahojiwe palepale upenuni na kiko chake kikiwaka, mimi nikae upande upepo unakotoka. Mkuu anaweza kunifukuza kazi, najua.

Hilo haliniogopeshi sana. Naogopa kwamba bibi atakaponiona nashuka kwenye lori, ataniita tena mwanangu.