Sikusubiri Koo la Bi Mize Life Ganzi

Jumatano. Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, na mimi sina hamu hata ya chai.

Nimetoka kuhani kijijini Wingwi. Bi Mize amefariki juzi, nyumbani kwake, kwa kukosa pumzi. Naandika hapa kwa sababu nikinyamaza nitajiona kama niliyesamehewa.

Kazi yangu ni kuwatia usingizi wagonjwa wanaopasuliwa. Mwaka jana Bi Mize aliletwa kwetu na rovu kubwa shingoni, limembana njia ya pumzi. Mtu wa namna ile hatiwi usingizi kwanza. Akilala tu, njia inaweza kuziba. Inabidi mpira wa kupumulia upitishwe kooni naye yu macho. Ndiyo maana kuna dawa ya ganzi. Anasukutua, anapuliziwa mpaka ndani, kisha anasubiriwa. Ganzi ikishika vizuri, mpira unapita na mgonjwa hata hakohoi.

Alikuwa mkulima wa muhogo, mtu wa maskhara. Nilipomuonyesha mpira alicheka.

"Huu si wa baskeli huu?"

"Usiogope, Bi Mize. Hutosikia kitu."

"Haya, mwanangu. Nimekuamini."

Siku ile wagonjwa walikuwa wengi. Daktari wa upasuaji akauliza kutoka mlangoni, "Bado tu?" Nilimtazama Bi Mize, nikamuuliza kama koo limekufa ganzi. Akatikisa kichwa. Bado.

Nikamjibu daktari, "Tayari."

Nikaupitisha mpira. Alipaliwa. Alinikamata mkono kwa kucha, machozi yakimtiririka hadi masikioni, na kupiga ukelele hakuweza kwa kuwa mpira ulikwishaingia. Halafu nikamtia dawa ya usingizi.

Operesheni ilikwenda vizuri, upande mmoja wa rovu ukatolewa. Kwenye faili lake sikuandika kuwa kumetokea lolote. Kesho yake nilipita wodini. Sauti imemkwaruza, uji haumpiti.

"Mwanangu," akasema, "ulinambia sitosikia."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Miezi michache iliyopita upande wa pili wa rovu ulivimba. Akaitwa arudi hospitali. Hakuja.

Leo binti yake, Riziki, ndiye aliyenieleza kwa nini. Alikuja kukaa nami kwenye mkeka, akanimiminia kahawa, akanishukuru kwa kutoka mbali.

"Alisema heri afe kitandani kwake kuliko kurejeshewa mpira ule," akasema. "Tulimbembeleza, tukamkaripia. Hataki asilani."

Alijua natoka hospitali tu, hakujua ni nani hasa anayezungumza naye. Ningeweza kumaliza kikombe changu, nikamuombea marehemu na kuondoka.

Nikamwambia. Kwamba mpira ule niliupitisha mimi, na kwamba mama yake alinijulisha kuwa ganzi haijashika, nami nikaendelea.

Akaweka kikombe chake chini.

"Ungesubiri, ingekuwa muda gani?"

"Dakika tano," nikasema. "Labda hazifiki."

Akajifunika uso kwa ukaya wake wa kichwani.

"Mimi nilimwita muoga," akasema. "Siku chache tu kabla hajafa. Nilimwambia, mama, watoto wadogo wanapasuliwa, wewe unaogopa mpira."

Mwaka mzima nilijua kuwa nimemuumiza koo. Kumbe nilimfanya aonekane muoga mbele ya wanawe, na akafa nalo jina hilo.

Niliposimama kuaga, Riziki alinifuata mpaka mlangoni. Macho mekundu, lakini sauti imetulia.

"Ijumaa tunamsomea mama khitma. Kaka zangu watakuwepo, nao walimwita hivyo hivyo. Njoo uwambie wewe, kwa kinywa chako."

Nimekubali.

Tangu nirudi nimekaa hapa natafuta sentensi ya kuanzia, na kila ninayoipata ina udhuru ndani yake: wagonjwa walikuwa wengi, daktari aliharakisha. Nazifuta. Nitasema tu kwamba mama yao alisema bado, na mimi nikasema tayari.

Ruhusa ya kazini nimeshaiomba. Sijui watanipokea vipi. Ijumaa nitakwenda.