Barua Aliyokuwa Akiingoja Rajabu

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Mume wangu Selemani,

Mjukuu wangu, hujambo? Kikohozi cha mama yako kimemwachia? Na hao wanafunzi unaowafundisha huko nyumbani wanakusikia, au wanakutazama tu kama mbuzi? Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto lina mambo yake. Anayeshika kalamu ni Zuhura, binti wa mama yako mdogo. Nimemwapisha aandike ninavyosema, asinipambe.

Kaa chini. Rajabu wako amefariki. Rajabu yule mliyesoma naye sekondari, wewe kitanda cha juu, yeye cha chini. Ini lilimvimba, akalazwa wiki mbili, mama yake akawahi kufika kutoka Tunduru, Jumatano akakata roho. Tumeshamzika. Lia kwanza, halafu urudi kwenye barua.

Umerudi? Haya, sikiliza.

Siku ile ulipomleta hapa, mmemaliza fomu foo, uliniambia, "Bibi, huyu ni ndugu yangu." Wewe ukaenda zako chuo cha ualimu, yeye akabaki kwenye kiwanda cha nguo. Kila Ijumaa akitoka msikitini alikuja kula kwangu, hata siku za huu unga wa njano unaonuka gunia. Alikula kimya. Akinawa, ndipo anauliza, "Bibi, Selemani kaandika?" Nikimwambia kaandika, hajambo, anasema, "Alhamdulillahi," anavaa viatu, anaondoka. Mimi nikidhani ni adabu tu.

Msiba tuliuweka hapa kwetu, maana alikokuwa akipanga ni chumba kimoja. Balozi wa nyumba kumi alitupatia kikaratasi cha kununulia sukari, Mungu ampe kheri. Basi jeneza linataka kutoka, Mgoni mmoja anaitwa Komba, mtani wake waliyekuwa wakilala naye chumba kimoja Buguruni, akajilaza mlangoni.

"Huyu Myao hatoki! Zamu ya kufagia ni yake!"

Watu wakacheka. Komba akainuka, akavaa koti la Rajabu, akaanza kumwigiza. Ule mwendo wa kuinama, mkono mmoja mfukoni, yule yule! Akaenda kwa karani wa barua wa kiwandani, na karani ni yeye mwenyewe.

"Karani, yangu ipo leo?"

"Hamna."

"Haya. Selemani ana wanafunzi wengi."

Akazunguka uwanja, akarudi. "Karani, yangu ipo?" "Hamna, bwana, nenda kaoe!" "Haya. Huko kwao mvua, njia mbaya."

Watu walishika mbavu. Mama yake Rajabu naye alicheka, machozi yanamtiririka. Mimi nilicheka mpaka jina likanifikia. Selemani gani mwingine?

Wanaume waliporudi kutoka makaburini nilimbana Komba jikoni.

"Wewe Mgoni, yale ulikuwa unatania?"

"Bibi, utani hausemi uongo. Amemwandikia, amemwandikia tena. Hakujibiwa."

"Waligombana nini?"

"Hakusema. Alisema tu kwamba mkosa ni yeye."

Sasa mimi nauliza, mume wangu. Sikugombezi bado, nauliza. Alikukosea nini? Msichana? Mtihani? Sijaingia darasani hata kufagia, sijui watu wanaosoma hukosana vipi mle ndani mpaka mmoja anakufa hajajibiwa. Na barua zake ulizisoma, au umezifungia sandukuni? Nataka kujua, na usinijibu Kiswahili cha ofisini.

Lakini mimi ninaweza kungoja. Mama yake hawezi. Jana alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu nilimpeleka sekondari ana domo kama chiriku. Kiwandani wananiambia alikuwa bubu. Katikati hapo alikuwa mtu gani? Nani alimwona?" Nilimwambia aliyemwona ni mjukuu wangu. Nimekutaja, Selemani. Sikuwa na mwingine.

Nisalimie mama yako, na shangazi yako yule mkali, mwambie khanga yake ninayo. Mjomba wako akiacha kunywa, naye nisalimie. Asipoacha, msalimie hivyo hivyo.

Mwandikie mama yake Rajabu, upesi, kwa anwani hii ya kwetu, kabla hajarudi Tunduru. Mweleze mwanawe alikuwa anachekea nini, alikuwa anaogopa nini, usiku taa zikizimwa alikuwa anazungumza nini kutoka kitanda cha chini. Na kosa lake, kama linasemeka, liseme. Mama hachoki kusikia ya mwanawe. Naye hajui kusoma, kama mimi. Zuhura atamsomea. Basi andika maneno ambayo mtu aliyeketi kwenye mkeka, amefumba macho, atamsikia mwanawe ndani yake.

Ni mimi mkeo mzee, asiyekuficha neno,
Bibi Somoe.