Kiota Nyuma ya Jiko la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Kasa kapanda ufukweni kutaga! Alama zake kama za tairi la trekta, zimetoka majini hadi nyuma ya jiko la mama mkwe. Ufukwe wote huu mrefu, hakuona pengine? Nimezungushia vijiti na kamba, ndiyo kazi yangu. Mama mkwe, sufuria mkononi, akauliza mgeni wangu atakaa hadi lini. Kama miezi miwili, mama. Akasema hata wifi yako akija hakai hivyo.

Bibi Kofia, afisa wetu wa mradi wa kulinda kasa (jina kampa shemeji, kwa lile kofia lake), kafurahi sana kwenye simu. Na mimi nimefurahi. Kwa nini nisifurahi?

Jumapili, 16 Machi
Bahari imekula ufukwe tena. Ukuta wa jiko una ufa, mkono unapita. Mume wangu na shemeji wamekagua. Dawa ni magunia ya mchanga, yapangwe kabla ya maji makubwa ya mwezi mwandamo. Wapi? Hapo hapo penye kamba yangu.

Nikasema haiwezekani. Kiota kikifukiwa vitoto havitoki. Shemeji, na ile sauti yake ya tarumbeta: yai lina mtetezi, mama hana?

Mume wangu akaenda kuhesabu magunia. Bora angenigombeza.

Jumanne, 18 Machi
Bibi Kofia kaja. Nikamwomba tuyahamishe mayai. Hapana, yakishatulia ukiyageuza yanakufa. Basi magunia? Hapana, ukizuia bahari hapa inakwenda kula kwa jirani. Basi nyumba? Akavua kofia, akajifuta jasho. Atauliza ofisini.

Si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua pa kusimama.

Na shemeji naye! Wageni wakija kutazama vitoto vya kasa, nani huwapeleka kwa mashua? Yeye. Anakula kwa kasa, anamtukana kasa. Lakini mimi je? Nakula kwa kasa, nalala kwa mama mkwe. Nimcheke nani?

Ijumaa, 28 Machi
Maji yamegusa kizingiti cha jiko. Na kamba imelowa! Sikulifikiria hili. Bahari ikikichukua kiota chenyewe, mimi namlinda nani? Ofisi haijajibu. Kichwa kinaniuma.

Jumamosi, 29 Machi
Wameanza asubuhi. Majirani wamekuja na majembe, hata fundi seremala ambaye choo chake kilikwenda na maji mwaka jana. Mama mkwe anahamishia vyombo sebuleni. Nilimpokea kinu, akasema, "Mwanangu, mimi sikwambii ufanye nini. Jiko hili nililikandika mwenyewe, mumeo yuko mgongoni." Halafu akaenda kuchukua mafiga. Angenilaumu tu!

Nikamwomba mume wangu wapinde safu, wakizunguke kiota, waache nafasi upande wa bahari. Akakubali, akachora kwa kisigino. Shemeji akacheka: ukuta wenye tundu ni mlango. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu wangu, maana ni kweli. Maji yatapita hapo hapo.

Safu imefika kwenye kamba. Wamesimama, wananitazama. Hakuna aliyeigusa. Wanangoja niing'oe mimi! Mume wangu akasema kwa upole, "Mke wangu, maji hayatungoji." Nikainama nikashika mdomo wa gunia, ajaze. Gunia tu. Kamba sikuigusa.

Simu ikaita. Bibi Kofia. Uko wapi? Niko kwenye kiota, dada. Ahsante sana, akasema, usiondoke hapo, nakuja.

Nimeingia ndani mara moja kunywa maji, ndiyo naandika haya. Nje majembe yamesimama. Mume wangu ananiita. Sijui ananiitia gunia au kamba, na maji yameanza kujaa.